Herufi za dhahabu zinahitaji kitu cha kuakisi

Mhariri,

Trela za michezo ya kompyuta na za filamu fupi za kubuni zimejaa vichwa vya herufi za chuma: dhahabu ya kifalme, shaba iliyochakaa, fedha ya panga. Vingi vinaonekana plastiki. Mtengenezaji amemwaga rangi ya manjano, akaongeza ukungu wa mwanga, akachora ukingo mweupe, basi. Kosa ni moja na linatibika bila plagini (programu ya nyongeza) ya kununua, ndiyo maana naomba nafasi nilieleze.

Chuma kilichong'arishwa huonyesha jicho kile kilichokizunguka. Herufi iliyowekwa katika giza tupu itaakisi giza, hata uiongezee taa ngapi. Kwa hiyo kabla ya kugusa rangi, tengeneza mazingira. Katika Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, weka picha ya HDRI (picha ya mazingira inayohifadhi viwango vikubwa vya mwanga na giza) kwenye World, yaani mipangilio ya mazingira, na uchague ile yenye utofauti mkali: dirisha moja linalowaka na kuta za giza pembeni. Anga la mawingu mazito halifai, kwani mwanga wake unatoka sawasawa pande zote na chuma kinageuka kijivu bapa.

Kwenye nyenzo, "Metallic" (kiasi cha uchuma) iwe 1. Wanaoiacha 0.5 wanapata kitu kisicho chuma wala rangi ya mafuta. "Roughness" (ukwaru wa uso) kati ya 0.2 na 0.35 inatosha kwa dhahabu iliyotunzwa. Rangi yake: nyekundu 1.0, kijani 0.77, bluu 0.34. Tahadhari hapa, kwani Blender inasoma namba hizo kwa kipimo cha mwanga halisi. Ukizizidisha kwa 255 na kuzipeleka kwenye programu ya picha inayotumia kipimo cha 0 hadi 255, dhahabu itakolea kupita kiasi. Sawa yake kule ni karibu 255, 226, 157. Wengi wanashangaa kuona dhahabu ni nyeupe kiasi hicho. Ukolevu tunaoujua unatokana na dhahabu kuakisi dhahabu nyingine na vivuli vilivyo karibu.

Ukingo uliochongwa ndio unaobeba kazi yote, maana uso bapa unaakisi sehemu moja tu ya mazingira. Kwa maandishi yenye ukubwa wa 1, unene ("Extrude") wa 0.08 na ukingo ("Bevel") wa 0.015 ni mwanzo mzuri. "Resolution" ya ukingo ikiwa 0 unapata mshazari mkali wa patasi. Ikiwa 3 au 4 unakuwa mviringo laini. Blender hutanua herufi kwa nje kadiri ukingo unavyokua, kwa hiyo punguza "Offset" kwa kiasi kilekile, yaani -0.015, ili upana wa awali wa mistari ya herufi urudi. Ukiona pembetatu nyeusi kwenye ncha za A, M na N, ukingo umezidi nusu ya mstari mwembamba kabisa wa herufi, na kingo mbili zimepishana. Dawa ni kuupunguza ukingo au kutafuta fonti nene zaidi.

Kuhusu fonti, yaani muundo wa herufi, Trajan ya Carol Twombly, ya 1989, imetumika sana, na chimbuko lake ni maandishi yaliyochongwa chini ya Nguzo ya Trajan huko Roma. Cinzel ina sura ya ukoo huohuo, nayo ni ya bure. Panua nafasi kati ya herufi, kwa sababu ukingo na mng'ao vyote viwili huila.

Uchakavu uweke kwenye "Roughness", usiuweke kwenye rangi. Pitisha kelele (madoa ya nasibu yanayotengenezwa na programu) kwenye "Color Ramp", kifaa cha kupanga viwango vya thamani, ili thamani zicheze kati ya 0.2 na 0.45. Mwanga utakatika-katika juu ya uso wenyewe, na hapo ndipo mkwaruzo unaaminika. Doa lililopakwa kwenye rangi linabaki palepale hata mwanga ukihama, na mtazamaji analiona mara moja.

Anayefanya kazi ndani ya After Effects, programu ya kuhuisha picha na video, bila 3D ana njia pia. Tumia mpito wa rangi (gradient) wenye vituo vitano au sita vinavyopishana giza na nuru, na chini kidogo ya katikati weka mkato mkali wa giza. Mkato huo ndio upeo wa macho ulioakisiwa, na bila huo hakuna chuma. Kwa mikwaruzo ya kupigwa msasa, tumia athari ya kelele ya "Fractal Noise" iliyovutwa upana 600 na kimo 20. Mtindo wa leya wa "Bevel and Emboss" kwa "Chisel Hard" unapendeza kwenye picha tuli, lakini kamera ikisogea mwanga wake haufuati pembe mpya, na udanganyifu unafichuka.

Mng'ao uje mwisho. Kizingiti cha asilimia 60 kinachokuja na "Glow", athari ya mng'ao ya After Effects, kinashika nusu ya herufi na kufuta ukingo ulioutengeneza kwa shida. Peleka mradi kwenye biti 32 kwa kila chaneli, ambazo zinahifadhi mwanga uliozidi nyeupe, kisha kizingiti asilimia 100: ni vimulimuli vilivyopita nyeupe tu vitakavyowaka. Kusogeza mwanga polepole juu ya herufi kunatosha. Herufi zenyewe zikikua kutoka asilimia 100 hadi 105 kwa sekunde tano, inatosha kabisa.

Mhariri, mnapochapisha masomo ya uhuishaji, tafadhali wekeni na maelezo ya kutoa faili, kwani ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Muundo wa video wa H.264 haubebi uwazi, wa ProRes 4444 unabeba. Mandhari ya giza yakionyesha mistari-mistari, ongezeni kelele ya asilimia 1 au 2. Na mzunguko mweusi unaozingira mng'ao unapowekwa juu ya video nyingine unatokana na alfa (taarifa za uwazi wa picha) iliyochanganywa na nyeusi kusomwa kana kwamba haikuchanganywa. Badilisheni tafsiri ya alfa kwenye faili iliyoingizwa, mzunguko huo utaondoka bila kurenda upya, yaani bila kutoa faili nzima tena.

Msomaji wenu,
Mtengenezaji wa vichwa vya filamu