Nairobi si "maji baridi"

Mhariri,

Miaka mingi nimesoma kurasa zenu za historia na kunyamaza, lakini makala ya wiki jana kuhusu asili ya jina la Nairobi imenishinda. Mmerudia wimbo uleule: "Ni Kimaasai, maana yake maji baridi." Hayo maji yako wapi ndani ya jina?

Jina kamili ni Enkare Nairobi. Enkare ndiyo maji. Nairobi peke yake ni "iliyo baridi", basi. Reli ilipofika mwaka 1899, kilichobaki kwenye ramani ni sifa bila nomino yake. Anayebisha avuke mpaka hadi Siha, Tanzania, akasome kibao cha Ngarenairobi (ngare ni enkare ileile). Kule maji hayakukatwa. Kuna na Ngarenanyuki, maji mekundu, wakati sisi tumebaki na Nanyuki, "nyekundu" isiyojulikana ni nini. Narok nayo ni "nyeusi" tu. Hiyo na- haikuwekwa kwa mapambo: enkare ni nomino ya kike, na sifa yake huanza na na-. Oldoinyo, yaani mlima, ni ya kiume, sifa yake huanza na o-. Ndiyo maana mlima wa pale Namanga ni Oldoinyo Orok, si Narok, ingawa weusi ni uleule. Haya si mambo ya siri. Mzee yeyote anayezungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, angewaeleza kabla chai haijapoa. Badala yake, mtoto wa jirani yangu aliandika "iliyo baridi" katika zoezi la shule na mwalimu akamkosesha kwa wino mwekundu, eti gazeti limesema maji!

Na watangazaji nao. Nairobi ina silabi nne, Na-i-ro-bi, mkazo kwenye ro; hiyo i isimezwe. Ngong ni balaa zaidi. Asili yake ni enkong'u e muny, chemchemi ya faru (enkong'u ni jicho na pia chemchemi). Kwa hiyo ng ya mwanzo ni ya ngoma, ya mwisho ndiyo ya ng'ombe. Wao huzitamka zote mbili kama za ng'ombe. Naivasha sina nguvu ya kuigusa: Enaiposha iligeuzwa p kuwa v na wageni, nasi tukaipigia muhuri.

Nashauri kila mhariri msaidizi abandike kikadi kwenye kompyuta yake chenye maneno manne: enkare, olkeju, oldoinyo, enkong'u. Jina la Kimaa lisipokuwa na hata mojawapo, ni marufuku kuandika kwamba maana yake ni maji, mto, mlima au chemchemi. Kajiado mnaruhusiwa. Humo mna olkeju na ado: mto mrefu.

Msomaji wenu wa siku nyingi