Dada wa meza ya dirishani, asante

Dada uliyekuwa ukikaa meza ya dirishani pale maktaba kuu, Dar, popote ulipo, asante sana. Jina lako sikuwahi kuliuliza. Ulinikuta nikikariri msamiati wa IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kama kasuku, ukageuza kalenda ya zamani ukanichorea jedwali: kila neno na maneno yanayoandamana nalo. Kisha ukanitungisha sentensi za wodini kwetu, za dripu iliyoziba na mgonjwa anayegoma kula. Nahau nilizopachika kwa nguvu ulizikata zote, ukisema msamiati ni robo tu ya alama za insha. (Ulikuwa mkali, jamani!) Sisi wauguzi tunaoomba kazi Uingereza tunadaiwa alama 7 kwenye kuzungumza na 6.5 kwenye kuandika. Nimezipata, dada yangu. Ukisoma hapa, chai na vitumbua ni juu yangu.