Salamu za shukrani kutoka familia ya marehemu, Dunda, Bagamoyo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Familia ya marehemu mwanetu, mtengenezaji filamu wa hapa Dunda, inamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha arobaini salama, na inawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu ugonjwa hadi maziko.

Alianza kuugua filamu yake kuhusu redio ya dini ikiwa katikati. Tulimsihi apumzike. Akaomba tumwache walau amalize sehemu ya alfajiri, pale mtangazaji mzee anapofungua kituo kwa dua, peke yake studioni. Studio yenyewe ilikuwa sebule ya baba yake: magodoro yetu yameegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, trei za mayai zimegongomelewa darini, meza ya mitambo imechongwa kwa mbao za mashua kuukuu. Marehemu alipenda kutueleza kuwa Radio Maria, redio ya Kikatoliki iliyoanza hapa nchini huko Songea mwaka 1996, haitangazi biashara, inaishi kwa sadaka za wasikilizaji na watu wa kujitolea. Filamu yake nayo iliishi hivyo hivyo. Siku za mwisho aliongoza kazi akiwa amelala mkekani, hedifoni masikioni, sauti imemkauka, akionyesha kwa mkono wapi waanze na wapi wakate. Usiku hali ilipobadilika, vijana wenzake waliacha kamera wakambeba mikononi hadi barabarani. Usiku ule ulikuwa mrefu kwetu.

Kwa namna ya pekee tunamshukuru jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Kila waliporekodi sauti alizima mashine. Wateja wengine walisubiri, wengine walijitwika mahindi yao wakaenda kwingine, wala hakudai hata shilingi. Msiba ulipotufika, unga wa kuwalisha waombolezaji ulitoka kwake. Na mama lishe aliyewalisha wapiga picha kwa mkopo: tulipomwendea kulipa baada ya maziko, aliichana karatasi ya deni mbele yetu, akalia nasi. Allah awalipe kheri.

Shukrani pia kwa madaktari na wauguzi, imamu na maamuma wa msikiti wetu, walimu na wanafunzi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kwaya ya parokia iliyoimba katika filamu bila malipo na ikaja kutupa pole, wavuvi, bodaboda, kinamama wa kikundi cha kufa na kuzikana, ndugu wa Kaole, Kiwangwa, Msata, Dar es Salaam, Tanga na Unguja.

Tunaomba radhi, tena sana. Daftari la michango lilishikwa na mikono mingi, na fedha nyingine ziliingia kwenye simu ya marehemu zikionyesha namba tu. Kama ulitoa na hukutajwa, kama ulisimama kaburini tusikupe mkono, tafadhali usituwekee kinyongo. Mungu aliyeona anakujua kwa jina.

Vijana wamekwisha kuunganisha picha. Kibali cha Bodi ya Filamu kikipatikana, inshallah itaonyeshwa uani kwetu, nanyi nyote mnakaribishwa.

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.