Kabla ya kugombania bei, tukubaliane kazi

Mhariri,

Kila jengo kubwa linapoungua, kilio huwa ni kilekile: kampuni ya bima imempunja mwenye mali. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mimi ni mkadiriaji majenzi, yaani mtu anayepima kazi za ujenzi na kuhesabu gharama zake, na ninachokiona mara nyingi ni watu wanaogombania bei ilhali hawajakubaliana ni kazi gani ifanyike.

Mwenye ghala analeta karatasi ya mkandarasi yenye mstari mmoja, "ukarabati wa jengo", na tarakimu ndefu mbele yake. Mkadiriaji hasara wa kampuni ana ya kwake, nusu ya ile. Utalinganisha nini hapo? Mmoja amehesabu kubomoa nguzo zote, mwenzake amehesabu kupiga lipu na rangi.

Jibu limo ndani ya nguzo yenyewe. Zege likipata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, mara nyingi hugeuka kuwa na wekundu wa waridi, kutegemea kokoto zilizotumika. Ukiuona wekundu huo, ujue nguvu yake imeanza kupungua, na joto likizidi hapo hata nondo hulegea. Ukisimama mlangoni utaona masizi tu. Lazima lipu ibanduliwe, sampuli zikatwe, mhandisi aseme nguzo ipi inabaki na ipi inaondoka. Moshi wa nyaya na mabomba ya PVC nao huacha tindikali inayoendelea kula chuma moto ukiwa umeshazimwa, na maji ya zimamoto hujificha juu ya dari.

Baada ya hapo ndipo tupime chumba kwa chumba: mita za mraba za lipu, mita za ujazo za zege, kilo za nondo. Vipimo vikishatiwa saini na pande zote mbili, bei inayobaki kubishaniwa ni ndogo ajabu. Kuondoa kifusi, kuegemeza kuta na ada za wataalamu viandikwe mistari yake, kwa sababu kuna mikataba inayovilipa na kuna isiyovilipa.

Lipo pia la thamani ya bima, ambalo wenye majengo hawapendi kulisikia. Jengo la kujengwa upya kwa milioni 1,000 likikatiwa bima ya milioni 600, hasara ya milioni 200 inaweza kulipwa milioni 120 tu, pale mkataba unapokuwa na kipengele cha uwiano, yaani kampuni inalipa sehemu ya hasara inayolingana na sehemu ya thamani iliyokatiwa bima. Hilo halirekebishwi na mkadiriaji yeyote.

Ombi langu kwa kampuni za bima: gharama ya kufungua kuta na kupima zege ilipwe mapema, kama malipo ya awali ya dai, badala ya kumwachia mtu ambaye biashara yake imeshasimama. Na wenye majengo nao wasimpe kazi ya kupima hasara mkandarasi yuleyule anayetarajia kulijenga upya jengo.

Mkadiriaji majenzi