Injini yangu haikuwa na ugonjwa

Mhariri,

Gari letu la viti saba lilianza kunguruma kama matatu kuukuu, hata kitindamimba wangu akaomba nimshushe mbali na geti la shule. Gereji moja mtaani ikanitajia shilingi 85,000, eti injini ifunguliwe yote. Fundi mwenyewe hakuinama hata kuchungulia chini.

Nikaenda Barabara ya Kirinyaga, kwenye gereji na maduka ya vipuri. Fundi mmoja mzee akauliza, "Mama, asubuhi injini ikiwa baridi, kelele huzidi?" Nikamjibu huzidi, na hupungua tukifika Barabara ya Jogoo, injini ikishapata moto. Akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha polepole kando ya injini. Pale eksozi inapoungana na injini palikuwa na masizi: gasketi, kile kibamba cha kuziba maungio, imeungua, moshi unapenya. Chuma kikipata moto hutanuka, ufa ukajibana. Gasketi na kazi, shilingi 2,800.

Moshi huo una kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, nami nilikuwa nikifunga madirisha watoto wasipigwe na baridi! Naomba mafundi watuonyeshe kasoro kwa macho kabla ya kutaja bei.

Mama wa watatu,
Umoja, Nairobi