Barua ya wazi kwa waendeshaji boda boda wa Kisumu kuhusu maumivu ya tumbo

Wanangu wa Kondele, Nyalenda, Mamboleo na steji zote za mji wetu,

Nawasalimu nyote. Nimestaafu uuguzi, lakini ningali abiria wenu, na kila nikaapo stejini kungoja mvua ipungue naona jambo lile lile: kijana anatoa mfukoni vidonge viwili vya maumivu ya mgongo, anavimeza kwa chai ya rangi saa nne asubuhi kabla hajatia chakula chochote kinywani, na ifikapo mchana anashika tumbo na kutuma mwenzake amletee Eno. Barua hii ni kwa sababu ya vidonge hivyo kwanza, kisha nitayataja mengine.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazoliwezesha tumbo kutengeneza ute wa kulinda ukuta wake dhidi ya asidi. Anayemeza dawa hizo kila siku kwa wiki nyingi, hasa akiwa na njaa au akiwa mnywaji na mvutaji sigara, anajitafutia vidonda vya tumbo. Ubaya wake ni kwamba dawa inayonyamazisha mgongo inaweza kulinyamazisha tumbo pia, hata kidonda kisijulikane mpaka kimeanza kutoa damu. Wala msidanganyike kwamba sindano ya diklofenaki haidhuru tumbo kwa kuwa haikupitia kinywani, kwani dawa ikishaingia kwenye damu hufanya kazi ile ile. Parasetamoli haina kisa hicho na tumbo, ila mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mnywaji wa pombe aulize kwanza, maana ini lake halina nafasi ya mchezo.

Mhalifu wa pili si pilipili, ingawa nyote humlaumu yeye. Ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walituzwa Nobeli mwaka 2005 kwa kumgundua na kuonyesha kwamba ndiye chanzo cha vidonda vingi. Hupimwa kwa choo au kwa pumzi. Lakini kumbukeni hili ambalo wauzaji wengi wa dawa hawawaambii: ukiwa umemeza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ndani ya wiki 2 zilizopita, au antibiotiki ndani ya wiki 4, kipimo kinaweza kusema huna kumbe unaye. Mwambie daktari kila ulichonunua kabla ya kumwona, hata kama unaona aibu. Bakteria akipatikana, matibabu huwa ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14, na anayeacha siku ya tano kwa kuwa amepata nafuu humwacha bakteria akiwa sugu.

Kiungulia cha mara moja moja, baada ya kula nyama choma usiku na kulala papo hapo, si cha kukuogopesha: kula mapema, punguza kiasi, inua kichwa unapolala. Gesi na kufunga choo kwa siku chache navyo hupita kwa maji, mboga na kutembea. Kiungulia kikirudi wiki baada ya wiki, kaonwe. Na kifua kikibana huku jasho likitoka na maumivu yakipanda mkononi au kwenye taya, huo huenda ni moyo. Usipoteze dakika hata moja ukitafuta dawa ya gesi.

Sasa yale yasiyongoja. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, ni damu iliyotoka juu tumboni, isipokuwa kama unameza vidonge vya madini ya chuma, ambavyo pia hukifanya kiwe cheusi. Kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa, ni dharura ya saa hiyo. Kupungua uzito bila kujinyima, macho kuwa ya manjano, na maumivu yaliyoanzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia, vyote ni vya hospitali leo, si kesho kutwa. Na nawasihi mniangalie hapa: ugali ukianza kukwama kooni, ukawa unausukuma kwa maji, usibadili chakula ukala uji tu na kuendelea na kazi. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazowaua watu wengi Kenya, hasa huku magharibi na Bonde la Ufa, na haiwangojei wazee pekee. Wengi hufika wakati hata uji hauteremki.

Kuhara kwa siku moja au mbili kunahitaji maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kukiwa na damu au homa, au choo kikimwagika kama maji ya mchele, nenda, maana kipindupindu hukausha mwili kwa saa chache. Msikubali pia kutibiwa taifodi kila mwezi kwa kipimo cha Widal pekee, ambacho huweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha zamani. Kuotesha damu maabara, ili kuona kama bakteria watamea, ndiko kwenye uhakika. Nanyi mnaoosha pikipiki mkiwa mmesimama ndani ya maji ya ziwa, mwambieni daktari hivyo, kwa sababu kichocho cha matumbo huingilia ngozini, huleta damu chooni, na miaka ikipita hudhuru ini. Dawa yake ni prazikwanteli.

Wenyeviti wa steji, mwenzenu akitapika damu msimpe maziwa wala chochote cha kunywa. Msimpakize peke yake nyuma ya pikipiki, kwani anaweza kuzirai. Tafuteni gari, mmoja aende naye mpaka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile tunayoiita Russia, akiwa amebeba maganda ya dawa zote zilizokuwa mfukoni mwa mgonjwa.

Ni mimi mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Kisumu