Nadia naye alistahili sitara

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala mliyoichapa katika ukurasa wa burudani, ambamo mwandishi wenu aliirejea filamu ya American Pie iliyotoka mwaka 1999, akaisifu kwa ucheshi wake, akakiri kwamba baadhi ya yaliyomo yasingekubalika leo, kisha akalifunga suala hilo kwa sentensi moja tu, kwamba filamu ile ni ya zama zake na si haki kuipima kwa mizani ya sasa. Sentensi hiyo siikubali. Siikatai kwa chuki, maana filamu hii niliipenda nikiwa kijana na bado yapo ndani yake mambo ninayoyapenda; naikataa kwa sababu nimeitazama tena juzi, mwanzo hadi mwisho, nikagundua kwamba mizani inayoihukumu imo ndani ya filamu yenyewe.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona, nieleze kwa ufupi. Filamu iliandikwa na Adam Herz na kuongozwa na Paul Weitz, nayo inawahusu wavulana wanne wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika mji wa kubuni wa East Great Falls, jimbo la Michigan, Marekani, wanaowekeana ahadi kwamba hakuna atakayemaliza shule akiwa bado bikira. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 11, ikaingiza zaidi ya dola milioni 230 duniani, ikafuatiwa na nyingine za sinema mwaka 2001, 2003 na 2012. Vichekesho vya namna hii havikuanza nayo. Porky's, ambayo hadithi yake imewekwa Florida ya miaka ya 1950, ilijaza kumbi za sinema mwaka 1982, na tukio lake lililovuma kuliko yote ni la wavulana wanaowachungulia wasichana bafuni kupitia matundu ya ukutani. American Pie iliuchukua mzaha huohuo wa kuchungulia, ikabadilisha tundu. Tundu la ukuta linatosha jicho la anayelisogelea. Kamera ya kompyuta inatosha shule nzima.

Tukio lenyewe ni hili. Nadia, aliyeigizwa na Shannon Elizabeth, ni msichana wa kigeni aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Anafika nyumbani kwa Jim, aliyeigizwa na Jason Biggs, ili wajisomee pamoja, na kwa kuwa ametoka kwenye mazoezi ya baleti anaomba mahali pa kubadili nguo. Jim anamwachia chumba chake, lakini ameiacha kamera ya kompyuta ikiwa imewashwa, na yeye anakimbilia nyumbani kwa rafiki yake Kevin ili wamtazame kupitia intaneti. Kwa kukosea, kiungo alichokusudia kiwafikie wenzake wachache kimekwenda kwa wanafunzi wa shule nzima. Jim anarudi chumbani, naye anaumbuka mbele ya watazamaji ambao hajui kwamba wapo. Baadaye wafadhili wa Nadia wanapata habari, na msichana anarudishwa kwao. Habari ya kurudishwa kwake inapita haraka, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hadithi inaendelea na shida za Jim.

Niliiona filamu hii kwa mara ya kwanza kwenye mkanda wa video nikiwa na miaka 17, sebuleni kwa rafiki yangu, tumebanana kwenye kochi na wengine wamekaa chini. Tukio hilo lilipofika tulicheka hadi kukohoa. Dada wa rafiki yangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, aliuliza, “Kwani huyo dada anajua kama wanamwona?” Hakuna aliyemjibu. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu, na jibu nililompa lilikuwa kubonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, kwa sababu kuna mwenzetu alikuwa amechelewa kuingia na alitaka kuona. Yule dada aliondoka mlangoni, nasi tukadhani amekwenda kunywa maji. Hakurudi. Nimelikumbuka swali lake mara nyingi tangu nianze kulea watoto wangu mwenyewe, na ndilo lililokuwa kichwani mwangu nilipokaa kuitazama tena.

Na niliyoyaona safari hii yalinishangaza, Mhariri, kwa maana filamu hii inajua sana maana ya kumsitiri mtu.

Mtazame baba wa Jim, aliyeigizwa na Eugene Levy, ambaye kwa maoni yangu ndiye roho ya filamu nzima. Anamkuta mwanawe jikoni katika aibu ile iliyoipa filamu jina lake, na aibu hiyo haihitaji kusimuliwa hapa. Baba yule hapigi kelele wala hampigi mtoto. Anakaa naye, anatafuta maneno, anayapata machache tu na mengine yanamkwama, kisha anamwahidi kwamba mama yake ataambiwa uongo mdogo kuhusu ile pai, chakula kilicho katika jina la filamu, ili siri ibaki ya wawili. Ujanani niliuona mzaha peke yake. Sasa nikiwa mzazi naona mtu mzima anayeteseka kwa haya, macho yake hayajui pa kutua, na bado anabaki pale pale kwa sababu mwanawe anamhitaji. Ni kama anamtupia mtoto wake shuka la kumsitiri. Sijui filamu nyingi za vichekesho ambazo zimeonyesha upendo wa baba kwa uwazi kiasi hicho, na mwandishi wenu alikuwa na haki kabisa kumsifu Levy.

Mtazame pia Oz, mmoja wa wale wavulana wanne, mchezaji wa lacrosse (mchezo wa mpira unaochezwa kwa fimbo zenye wavu), aliyeigizwa na Chris Klein. Anajiunga na kwaya ya shule kwa nia ileile ya wenzake, ya kutafuta msichana, lakini akampenda kweli Heather, hadi akaiacha mechi katikati na kukimbia kwenda kuimba naye kwenye mashindano. Usiku wa dansi ya kuwaaga wahitimu wawili hao wanakuwa pamoja, na wenzake wanapokuja kupeana taarifa za ile ahadi yao, Oz hasemi yaliyotokea kati yake na Heather. Ananyamaza, na filamu inautendea ukimya huo kama alama kwamba kijana yule amekua.

Hapo ndipo utetezi wa zama unaponiponyoka mikononi. Filamu inayofahamu kwamba ya Heather ni ya Heather, kwamba kijana muungwana hayapeleki mezani kwa marafiki, haiwezi kutetewa kwamba mwaka 1999 watu hawakujua faragha ni nini. Ilijua. Jim alisitiriwa na baba yake, Heather akasitiriwa na Oz, na Nadia peke yake akaanikwa. Ukiuliza tofauti yao iko wapi, utaona kwamba Heather amepewa sauti, ana mashaka yake na ana siku anayokasirika na kuondoka, ilhali Nadia ni mgeni mwenye lafudhi, ambaye amekuja kutamaniwa na kisha kuondolewa.

Mwisho wa filamu unanisumbua zaidi. Jim anaonekana chumbani mwake akicheza na kuvua nguo mbele ya kamera ileile, na anayemtazama upande wa pili ni Nadia, akiwa kwao, akifurahi. Watunzi walitaka tuelewe kwamba deni limelipwa na wawili hao wako sawasawa. Lakini Jim anajua kamera imewashwa. Amejipanga, amechagua muziki, amechagua na mtazamaji wake. Nadia hakupewa hata kimoja kati ya hivyo, na katika filamu nzima hatumsikii akimuuliza Jim kwa nini alimfanyia vile. Mwaka 2001, katika filamu ya pili, anarejea Marekani akiwa bado anamtaka kijana huyohuyo. Watunzi walimfanya asamehe jambo ambalo hawakuthubutu kumruhusu alalamikie.

Najua yapo mawili ya kuwajibu wanaotetea. La kwanza ni kwamba sheria zenyewe zilikuwa bado. Ni kweli kwamba Uingereza iliandika kosa la kuchungulia kwa siri katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2003, na Marekani ikatunga sheria ya shirikisho kuhusu kurekodi faragha za watu mwaka 2004, yaani miaka minne na mitano baada ya filamu. Lakini bunge haliketi kutunga sheria dhidi ya jambo ambalo hakuna aliyeumia nalo. Waliochunguliwa walikuwapo, walikuwa wakilia, na wengine huenda walikuwa ndani ya ukumbi wakati wenzao wakicheka. Wapangaji wa madaraja ya filamu nchini Marekani waliikagua American Pie kwa ukali, wakataka ipunguzwe hapa na pale kabla ya kuipa daraja la R, ambalo humtaka aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kiasi gani kionekane. Kama aliyeonekana ameridhia ni swali ambalo daraja hilo halikuwekwa kulijibu.

La pili ni kwamba huu ni mzaha tu. Septemba 2010, katika chuo kikuu kimoja cha New Jersey, mwanafunzi alitumia kamera ya kompyuta kumtazama kwa siri mwenzake wa chumba kimoja akiwa na mgeni wake, na akawatangazia wengine mtandaoni. Siku chache baadaye kijana aliyechunguliwa, mwenye miaka 18, alijiua. Sisemi hata kidogo kwamba filamu ndiyo iliyosababisha. Ningekuwa namzulia mtu. Nasema kwamba chumba, kamera, kutokuwapo kwa ridhaa na marafiki walioalikwa kutazama ni vilevile, na aliyekwisha kujua habari hiyo hawezi kulitazama tukio la Nadia kwa macho aliyokuwa nayo akiwa na miaka 17.

Siombi filamu ifichwe wala ikatwe. Mwaka 2018 Molly Ringwald, aliyekuwa nyota wa filamu za vijana za John Hughes miaka ya 1980, aliandika katika jarida la The New Yorker kuhusu kuitazama The Breakfast Club pamoja na binti yake na kukutana upya na tukio la kijana anayejificha chini ya meza na kumchungulia mhusika aliyemwigiza yeye. Hakuitupa filamu ile wala kumkana Hughes aliyeiongoza, ambaye Ringwald alimpenda. Alikaa na yote mawili, mapenzi na maumivu, akayataja kwa majina yake. Ikiwa mwigizaji mwenyewe ameweza, sisi tuliokuwa watazamaji tunashindwaje?

Mwanangu wa miaka 18 ndiye aliyeniletea makala yenu. Aliisoma mezani, akaniuliza kama filamu hiyo nimeiona, nikamwambia nimeiona, nikamsimulia habari ya rimoti na swali la yule dada. Alinisikiliza, kisha akalichukua tena gazeti akalipitia aya kwa aya, kidole kwenye mistari, akitafuta habari za msichana niliyemtaja. Aliwakuta Jim, mwanafunzi mwenzake Stifler, baba wa Jim na mama wa Stifler. Nadia hakumkuta. Naomba, Mhariri, mkiirejea filamu hii tena, mwandishi wenu amtaje kwa jina na aseme lililompata.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku nyingi